Dari Iliyomeza Wimbo

Randers, 14 Februari 1994

Kwa Dada Rigmor, au niseme Bi. Mwenyekiti,

Salamu kwanza, maana ndivyo mama alivyotulea, ugomvi baadaye. Mimi mzima, biashara nzima, mgongo ndio unaolalamika, nao nimeshauzoea.

Barua ya kamati ya jumba la mikutano la Hvidmose imenifikia. Ina muhuri, ina sahihi yako, na chini umeandika "kwa heshima". Miaka mitano hujaniandikia mstari, na siku ya kuniandikia unanigongea muhuri. Nikakupigia simu niulize vipimo vya ukumbi. Hukupokea. Nikapiga tena, ukapokea, ukasema, "Ndiyo, ndiyo, asante sana," ukakata. Sikuwa nimeuliza kitu ambacho jibu lake ni asante. Basi Alhamisi nikapanda gari mwenyewe, mwangalizi akanifungulia, nikapima.

Ukumbi wenu una mita 22 kwa 11, na dari ya mbao iliyopakwa rangi ya mafuta mara nyingi kuliko inavyohitaji. Nilipasua puto katikati ya sakafu, na kipimo changu kikaonyesha kwamba mlio ule ulikaa hewani sekunde 2.1 kabla ya kufa. Kanisani hiyo ni sifa. Mahali pa kunywea kahawa ni balaa. Kila neno linalikuta la kabla yake halijaondoka, watu wanapaza sauti ili wasikike, na wenzao wanapaza zaidi. Si ajabu wazee wenu wameacha kuja kwenye chakula cha mchana cha Jumatano, kama ulivyoandika.

Nimewatumia sampuli tatu. Kigae cha kwanza ni cha sufu ya kioo, yaani nyuzi laini za kioo zilizoshindiliwa, unene wake milimita 40, uso umefunikwa kitambaa cheupe. Kinakunywa karibu sauti yote inayokigusa. Ni daraja la juu, hakuna kinachokipita. Cha pili ni ndugu yake mwembamba, kinakunywa pungufu. Cha tatu ni jipsamu ngumu, sauti inakigonga na kurudi. Ushauri wangu ni cha kwanza, dari nzima, vigae 672. Mtashuka mpaka sekunde 0.6. Sijawahi kukosea hesabu ya namna hii kwa zaidi ya moja ya kumi, na hakuna aliyenisomesha. Nilianza na ngazi ya kuazima.

Sasa la pili, na hili si la kamati. Siku ya mazishi ya mama tulikunywa kahawa kwenye ukumbi huohuo. Ulikaa mkono wangu wa kulia. Nilikwambia, "Niachie nyumba ya mama, nitailipia kama mtu mwingine yeyote." Ukanitazama, ukatabasamu, ukaitikia kwa kichwa. Kufika majira ya joto ulikuwa umeiuza kwa daktari wa meno wa Hamburg. Nimefunga dari za shule, za benki na za hospitali, nimedanganywa na watu wenye tai za kila rangi. Hakuna hata mmoja aliyeniitikia kwa kichwa huku akitabasamu.

Nasubiri jibu la kamati. Lako silisubiri.

Kresten

*

Hvidmose, 27 Februari

Asta mpenzi,

Wewe, rafiki yangu wa huko Svendborg, ndiye peke yako unayejua, kwa hiyo wewe ndiye utakayechoka nami.

Kamati ilikutana jikoni kwangu. Nilipataka jikoni makusudi. Kuna pazia nene, kuna zulia, nakaa nimeegemeza mgongo ukutani, na nikiwaona midomo nashika karibu yote. Sampuli za Kresten zilizunguka mezani pamoja na keki. Maren Gade, yule wa jiko la jumba, alizibonyeza kwa kidole kama anayeangalia kama mkate umeiva. Laurids Kvist, mfuga nguruwe wetu anayeongoza nyimbo, alikigonga kile kinene kwa kifundo cha kidole, akasema hakijibu. Akauliza ni kipi bora. Nikasema barua inasema cha kwanza. "Basi kama tunabadilisha dari, tubadilishe kwa iliyo bora," akasema, na wote wakakubali. Kikao cha jumbani hufunguliwa kwa wimbo. Jikoni kwa mtu haimbi mtu. Tulimaliza keki tukaagana.

Walipoondoka nilikishika kile kigae kinene, nikakiweka karibu na sikio, nikasugua vidole. Sikujua natafuta nini.

Nakwambia ukweli, Asta. Kifaa cha sikio nilichopewa hospitalini kiko kwenye droo ya nyuzi. Ukumbini kinaniongezea kila kitu sawasawa, vijiko, viti, vicheko, mpaka kichwa kinataka kupasuka. Kwa hiyo naitikia. Natabasamu na kuitikia kwa kichwa. Mwalimu mstaafu, mwenyekiti, kazi yangu ni kutikisa kichwa. Wakijua, watanihurumia na kunipokonya uenyekiti kwa upole, kwa maua. Nikiupoteza uenyekiti sitakuwa na sababu ya kwenda jumbani, na nisipokwenda jumbani nitabaki na redio nisiyoisikia. Dari hii ikishindwa, nitaondoka kabla ya kuondolewa.

Kresten ameandika habari ya nyumba ya mama. Anasema aliniomba. Asta, sikumbuki aliniomba. Ama ni mwongo, na hajawahi kuwa mwongo, ama ni lile lingine, nalo siwezi kuliandika.

Wako,
Rigmor

*

Hvidmose, 1 Machi

Ndugu Kresten Bundgaard,

Kamati imechagua kigae cha kwanza, cha sufu ya kioo, dari nzima. Tunaomba kazi ifanyike wiki ya Pasaka, jumba likiwa tupu. Tafadhali mambo yote yaje kwa maandishi, simu yangu ni mbovu.

Kuhusu nyumba ya mama, hukuwahi kuniambia unaitaka. Ungeniambia, ingekuwa yako.

Kwa heshima,
Rigmor Bundgaard, Mwenyekiti

*

Randers, 7 Aprili

Bi. Mwenyekiti,

Kazi imekwisha. Vigae 672, hakuna kilichovunjika kona. Nimepasua puto lingine: sekunde 0.6. Fundi wangu alisema hakusikia mlio, aliona mpira tu ukianguka.

Nimeambiwa na mtu ambaye angeweza kumaliza jambo kwa neno moja kwamba mimi sikusema nilichokisema. Sawa. Nina miaka hamsini na minne, najua nilichokisema. Jumatano, nilipokuwa napakia lori, nilikuita kwa jina, hatua kumi nyuma yako, pale kwenye maegesho. Uliendelea kutembea. Mafundi wangu waliona. Mmoja akaniuliza, "Bosi, yule si dada yako?" Nikamwambia ni mwenyekiti.

Udhamini wa kazi ni miaka mitano. Udhamini wa udugu sijui uliisha lini.

K. Bundgaard

*

Hvidmose, 24 Aprili

Asta mpenzi,

Jumatano tulikula chakula cha mchana chini ya dari mpya. Samaki wa chumvi, mkate mweusi, kahawa. Nilikaa mahali pangu. Nikasikia kijiko kikiwekwa kwenye sahani, kijiko kimoja, cha mtu mmoja. Halafu mzee Holger akamwambia mkewe, "Usinimiminie nyingi, nitaamka usiku." Nilijua kasema hivyo. Sikukisia kutokana na mdomo, alikuwa amenipa kisogo.

Nilikwenda kusimama uani kwenye baridi, nikajifanya natafuta glavu.

Sasa najua habari zote. Najua nani amegombana na nani kuhusu ua wa mpakani. Najua kwamba Maren anamwita mkwewe "yule wa mjini". Kifaa nimekitoa kwenye droo, nakivaa chini ya nywele, na chini ya dari ile kinafanya kazi iliyokusudiwa. Wazee sita waliokuwa wameacha kuja wamerudi.

Kresten ameniandikia kwamba aliniita nami nikapita. Ilikuwa nje, kwenye upepo. Kila siku nasema kesho nitamwandikia, na kila siku naona ni mapema mno, au nimechelewa mno.

Rigmor

*

Hvidmose, 16 Mei

Ndugu Kresten Bundgaard,

Naandika kwa niaba ya kamati.

Tarehe nne Mei, kama kila mwaka, tuliweka mishumaa madirishani kukumbuka usiku nchi yetu ilipokombolewa vitani, tukakusanyika kuimba. Walikuja watu tisini. Laurids Kvist alianzisha wimbo wa kwanza. Kufika ubeti wa pili, waliokuwa wanaimba walikuwa nusu. Ubeti wa tatu alibaki Laurids na mama mmoja wa kwaya. Hakuna aliyekuwa amekasirika wala kuchoka. Walinyamaza tu, mmoja baada ya mwingine, kila mtu akitazama kitabu chake. Piano ilisikika kama iko kabatini. Laurids amewaeleza wanakijiji kwamba kila mtu alikuwa akijisikia mwenyewe peke yake, na hakuna mtu wa kawaida anayependa kujisikia mwenyewe. Kule nyuma, meza ya tatu, Maren Gade alimwambia jirani yake, mdomo umejaa keki, "Tumelipia dari ikatumezea wimbo, sasa tungoje itumeze sisi." Watu walicheka, lakini walikwenda nyumbani mapema.

Jumba hili lilijengwa na babu zetu kwa ajili ya kuimba. Kamati inakuomba uondoe vigae na kurudisha dari ya zamani. Mkutano mkuu wa dharura utakaa tarehe 18 Juni kupiga kura.

Kwa heshima,
Rigmor Bundgaard, Mwenyekiti

*

Randers, 23 Mei

Rigmor,

Nilianza barua hii kwa hasira na nusu yake nimeichana. Nilikuwa nimeandika kwamba mliomba kimya mkapewa kimya. Kwamba barua yenu ya kwanza ilisema wazee hawasikilizani, haikusema neno juu ya kuimba. Kwamba nyinyi mnaoimba hata kabla ya kujadili bei ya karatasi za chooni mlichagua dari bila kuimba hata ubeti mmoja, nami nikapasua puto badala ya kuwaambia muimbe. Hayo bado nayasema. Bora kuliko zote ya kumezea sauti si bora ya kuimbia, na hilo hatukuliuliza, si mimi wala nyinyi.

Lakini nikasoma tena habari ya Maren Gade. Meza ya tatu. Mdomo umejaa keki. Watu tisini ukumbini. Nawe umeniandikia sentensi yake nzima, na utani wake umo.

Dada, nakujua. Mwaka wa mwisho wa mama nilikuwa nikikusimulia jambo mezani, ukanijibu jingine. Nilidhani ni dharau ya mwalimu kwa mtu wa ngazi. Baba masikio yake yalikufa akiwa na miaka hamsini na nane, akawa anasema "ndiyo, ndiyo, asante", na mama akimfokea. Ndivyo ulivyonijibu kwenye simu, neno kwa neno.

Nikachukua kikokotoo, maana ndicho ninachokiamini. Kahawa ya mazishi, watu themanini, sekunde 2.1. Kila mtu anapaza sauti juu ya mwenzake. Mtu mwenye masikio mazima, aliyekaa ubavuni pangu, angeshika nusu ya maneno yangu. Mtu mwenye masikio ya baba asingeshika hata moja. Nilirudia hesabu kwa sababu sikulipenda jibu. Halikubadilika.

Nimekununia miaka mitano kwa swali ambalo halikukufikia. Nijibu hili tu, na usigonge muhuri: siku ile ulinisikia?

Kresten

*

Hvidmose, 29 Mei

Mdogo wangu Kresten,

Sikukusikia.

Nilimwona mdogo wangu akisema kitu na uso wake una huzuni, nikadhani anamsifu mama, nikaitikia. Ungetaka niitikie kwa lipi jingine siku ile? Daktari wa Hamburg aliandika barua, kwa taipu, herufi kubwa. Hilo ndilo lililomfanya ashinde. Nimelia juu ya jambo hili kwa namna ambayo haimfai mwalimu.

Miaka sita sasa. Masikio yalikwenda polepole, kama mtu anayeondoka karamuni bila kuaga. Kwenye maegesho sikukusikia pia. Nyumbani nasikia kwa macho. Jumbani, mpaka ulipofunga dari yako, nilikuwa mbao iliyovikwa gauni.

Sasa nasikia. Si kila kitu, lakini nasikia meza yangu na meza mbili zinazofuata. Nawe umeona mwenyewe nilivyoandika habari ya Maren. Sikuweza kujizuia, kilikuwa kitu cha kwanza cha kuchekesha nilichokisikia mwenyewe tangu sijui lini.

Na sasa mimi ndiye niliyekuandikia uing'oe. Ndiyo kazi ya mwenyekiti. Watu hamsini na kitu wanataka wimbo wao, na siwezi kuwanyamazisha wote kwa ajili ya sikio moja bovu na jingine lililo nusu. Kwa hiyo nakuomba mambo mawili. Kura ikipita, njoo uondoe bila ugomvi. Na usimwambie mtu.

Dada yako,
Rigmor

*

Randers, 3 Juni

Dada,

Sitamwambia mtu. Lakini nisikilize, na hii nakuandikia kwa herufi kubwa kama daktari wa meno.

Vigae havifanani na ndoa, si lazima uchukue vyote au ukose vyote. Nikitoa nusu, vigae 336, upande wa jukwaa na katikati, nikaweka jipsamu ngumu mahali pake, ukumbi utarudi kwenye sekunde 0.9. Wimbo utakuwa na pa kugonga na kurudi. Hautakuwa ule wa zamani, lakini mtu atamsikia jirani yake na kupata moyo. Upande wa madirisha, ambako vigae laini vitabaki, wekeni meza za kahawa. Meza yako utaisikia. Ya pili utaisikia kwa taabu. Ya tatu sahau. Sikupambii maneno ili ufurahi. Hesabu ndiyo hiyo. Ukibaki na dari nzima unasikia meza tatu, nao hawaimbi. Wakirudisha mbao za zamani wanaimba, nawe husikii hata kikombe chako.

Hii ndiyo hesabu ya kupigia kura, na wanaopiga kura wanajua upande mmoja tu wake. Wanadhani wanaondoa sufu. Hawajui wanamwondoa nani. Unasema unawaonea huruma usiwanyamazishe. Wewe unawanyima kuchagua, dada, kama vile mimi nilivyonyimwa kujibiwa. Mficha maradhi, kilio humfichua, na kilio chako kitakuwa kuondoka jumbani kimyakimya, halafu watasema mwalimu aliringa mpaka mwisho.

Basi msimamo wangu ni huu. Waambie mwenyewe tarehe 18, kabla ya mikono kuinuliwa. Ukiwaambia, wakaamua lolote, nakuja na ngazi na ninafanya wanachotaka, sichelewi. Usipowaambia, watafute fundi mwingine. Mimi kile kigae kilicho juu ya meza yako sikishushi nikiwa najua na wao hawajui.

Hili la nyumba ya mama, hasira nimeimaliza. Majuto bado ninayo, hayo hayana kipimo.

Kresten

*

Hvidmose, 19 Juni

Mdogo wangu,

Nilikuchukia wiki mbili. Nilitaka ujue hilo kwanza.

Mkutano ulifunguliwa kwa wimbo, na wimbo ukafa ubeti wa pili. Laurids aliitazama dari kama anayemtazama mwizi. Walisema wengi. Wengine walitaka mbao zao tu zirudi, mmoja alitaka tujenge jumba jipya, Holger aliuliza kama kahawa iko tayari. Niliusoma mpango wako wa nusu kwa nusu. Laurids akauliza kwa nini tuache hata hiyo nusu laini, ina kazi gani, wakati babu zetu walikunywa kahawa chini ya mbao na hawakufa.

Nilisimama. Nilikuwa nimeandika karatasi, sikuisoma. Nikasema, "Kabla hamjapiga kura, mjue. Mimi sisikii. Ni miaka sita sasa. Chini ya mbao zile sikumsikia mtu hata mmoja. Nilikuwa nawaitikia tu."

Kresten, kimya cha dari yako ni kizito kuliko kimya kingine chochote, hakuna hata kikohozi cha kujifichia.

Halafu Maren Gade akasema, polepole, "Kwa hiyo siku ile nilipokwambia Svend wangu amelazwa, ukatabasamu, hukuwa unanidharau?"

Nikasema sikusikia. Nikamuuliza alikuwa na nini.

"Jiwe la figo. Ameshapona, mwaka wa nne huu."

Watu wakacheka, na Maren akacheka, akifuta macho. Akasema walidhani nimewaona wajinga, wakaamua wasinisumbue na maneno yao. Walikuwa wameanza kuniogopa, Kresten. Nilikuwa nafikiri wananiheshimu.

Basi ndiyo, wamejua. Sasa hili la kura, nisije nikakudanganya kwa kukuacha ufikiri kila kitu kilikwenda kama hadithi za Krismasi. Wanaotaka mbao zote zirudi, kumi na tisa. Wanaotaka dari ibaki ilivyo kwa ajili yangu, sita, na nilijua ni kwa huruma. Wanaotaka nusu, thelathini na nne. Laurids alipigia mbao. Baadaye alikuja mezani kwangu, akavuta kiti, akanitazama usoni kama mtu aliyefundishwa leo namna ya kuongea na kiziwi, akasema, "Mwalimu, nakuhurumia, lakini kuimba chini ya dari hii ni kama kuimba ndani ya godoro. Nilipiga kura dhidi yako na nilitaka ulisikie kwangu."

Nililisikia kwake. Njoo na ngazi.

Rigmor

*

Randers, 24 Juni

Dada,

Nitakuja Jumatatu ya kwanza ya Agosti na mafundi wawili. Jipsamu imeagizwa. Mwambie huyo Laurids asiende mbali, maana safari hii sipasui puto. Nikishaweka safu ya kwanza ataimba, nikiweka ya pili ataimba tena, mpaka aseme basi. Kama nyimbo zake ni mbaya nitajua nimelipia makosa yangu.

Halafu kuna jambo dogo. Nimekutafutia mtu wa masikio hapa Randers, mwanamke mkali, hapendi upuuzi, utampenda. Nimeshakushikia nafasi Septemba. Usiseme ndiyo, ndiyo, asante. Niandikie kama unakuja au huji.

Kresten

*

Hvidmose, 11 Septemba

Mdogo wangu Kresten,

Ninakuja. Treni ya saa nne, unipokee.

Jana ulikuwa usiku wa kwanza wa nyimbo tangu ulipomaliza. Niliketi upande wa madirisha, chini ya vigae vyako laini, nao wakasimama upande wa jukwaa, chini ya vile vigumu. Laurids alianzisha. Sikuyasikia maneno. Nilisikia kwamba wako wengi, na kwamba ubeti wa tatu ulikuwa mkubwa kuliko wa kwanza. Kwangu inatosha. Hesabu yako ilikuwa sahihi, meza ya tatu imepotea. Ya pili nayo hupotea mvua ikinyesha. Nikipotewa siitikii tena. Nabeba kiti changu naenda walipo nasema, "Rudieni, sijashika." Mara ya kwanza niliona aibu ya kufa. Mara ya nne Holger alinisogezea kikombe bila hata kugeuka.

Baada ya wimbo tulikunywa kahawa, nilikuwa nimeleta keki yangu ya tabaka. Maren alikata kipande, akakitafuna muda mrefu, akanigeukia mbele ya watu wote.

"Mwalimu," akasema, "kwa kuwa sasa tunajua hukuwa unaringa, niseme ukweli. Keki zako ni kavu. Miaka sita tunazisifia kwa woga."

Nikamwambia, "Mlizisifia? Sikusikia."

Meza nzima ikacheka, Kresten, nami nikacheka nao palepale, sikuchelewa.

Dada yako,
Rigmor